Ndama wa Friesian anayeugua kila mara: si jicho la jirani

Dhana: boma limetupiwa jicho.
Ndama ana miezi miwili, manyoya yamesimama, anaharisha, anakohoa, fizi zina vidonda, na pale pembe zilipochomwa hapajapona. Kuanzia Njoro hadi Subukia, huko Nakuru, jina la jirani huanza kutajwa hapo. Mara nyingi ni minyoo, nimonia au ndigana kali, na hayo yachunguzwe kwanza. Lakini akiwa Friesian na hakuna dawa inayofua dafu, huenda ni BLAD, kasoro ya kurithi. Chembe nyeupe za damu anazo tele kupita kiasi, ila zimekosa protini ya kuzishikisha kwenye ukuta wa mshipa ili zipenye na kuua vijidudu. Antibiotiki humpa nafuu ya muda tu. Wengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Haiambukizi wenzake.

Dhana: wazazi wana afya, basi si ya kurithi.
Ndama huugua akipokea jeni mbovu mbili, moja kwa kila mzazi. Mwenye moja hukua, hushika mimba na hukamuliwa kama wengine. Wabebaji wawili wakipandana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta ndama mgonjwa. Ndiyo maana ng'ombe huzaa ndama watatu wazuri kwa dume yuleyule, wa nne akawa hivi. Na huyo wa nne hakulazimika kuja. Mimba haihesabu zilizotangulia.

Dhana: mbegu ghali ya ng'ambo haina kasoro.
BLAD ilisambazwa na mbegu bora hasa. Asili yake ilifuatiliwa hadi Osborndale Ivanhoe, fahali wa Marekani aliyezaliwa 1952. Mjukuu wake, Carlin-M Ivanhoe Bell, alisifika kwa maziwa ya mabinti zake, na mbegu yake ikazagaa duniani. Siku hizi madume hupimwa: kwenye katalogi, TL ni aliyepimwa akakutwa safi, BL ni mbebaji. Muulize anayekupandishia kabla hajafungua mtungi wa mbegu.

Dhana: mama auzwe.
Ya nini, kama anajaza ndoo? Mpandishe kwa dume la TL; ndama mgonjwa hatazaliwa, ingawa baadhi watabeba jeni. Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni kadi ya upandishaji: tarehe ya kupandisha imeandikwa, jina la dume halipo. Hivyo baba wa mtamba hajulikani, na akija joto anapelekwa kwa fahali wa jirani, ambaye pengine ni ndugu yake kwa baba.