Picha ya wasifu si paspoti, na wasifu si kusifiwa

Juzi nimelisikia mara tatu kabla ya saa sita mchana: "Kaka, nipige paspoti ya profaili." Wa kwanza kijana anayemaliza chuo, wa pili dada aliyekuja mbio kwenye mapumziko ya kazi, wa tatu mzee mnunuzi wa maparachichi kutoka Rungwe. Mzee hata profaili hakuitaja. Alisema "ile paspoti ya kuweka mtandaoni, wateja wa nje waione." Studio yangu iko Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mteja ni mfalme, kwa hiyo wote niliwapiga. Ila neno lenyewe limenichosha.

Picha ya wasifu ni picha ya mtu mmoja, uso na mabega, iliyopigwa makusudi ili wale atakaofanya nao kazi wamjue kabla hawajakutana naye. Inakaa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, kwenye tovuti ya kampuni, kwenye bango la semina, pale juu ya jina lako. Basi.

Paspoti nayo ni jina la saizi. Ndiyo maana tangazo la kazi huandika "picha ya paspoti saizi, jina liandikwe nyuma." Na hata saizi yenyewe si moja: nchi nyingi zinataka milimita 35 kwa 45, Marekani wanataka mraba wa inchi mbili kwa mbili. Picha zilianza kudaiwa kwenye hati za kusafiria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nchi zilipoanza kuogopa majasusi, na woga ule haujatoka ndani yake mpaka leo. Tazama mbele, funga mdomo, usicheke, na kwenye ile ya milimita 35 kwa 45 uso ujaze asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Wamarekani tangu Novemba 2016 hawataki hata miwani kwenye picha ya viza. Yote hayo ni ili askari wa mpakani akulinganishe na karatasi. Hataki kukujua, anataka tu kuhakikisha kwamba wewe si mwingine.

Sasa mtu anaichukua picha ya namna hiyo, koti la kuazima na kitambaa cha bluu nyuma, anaibandika juu ya maneno "Karibu tufanye biashara." Unamtazama unaona mtu anayesubiri kuulizwa alikuwa wapi usiku wa tukio.

Na hapo kuna kichekesho. Neno profaili lilitoka Italia, kwenye profilo, na ndani yake kuna filo, yaani uzi. Ulikuwa mstari mwembamba wa kuzunguka umbo, kama uzi ulioshonwa pembezoni mwa kitu, na kwenye picha za watu likawa na maana ya uso uliochorwa kwa ubavu. Waliowahi kuishika shilingi yetu ya mwaka 1966 wanaijua profaili halisi: upande mmoja mwenge, upande wa pili Mwalimu Nyerere katazama pembeni, jicho moja, sikio moja. Baadaye, miaka ya 1880, Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris akaweka utaratibu wa kuwapiga washukiwa picha mbili mbili, ya mbele na ya ubavu. Kwa hiyo ukija kwangu ukasema unataka paspoti ya profaili, nikiamua kukutii neno kwa neno, nitakupiga kama mahabusu.

Lakini hilo ni la kucheka tu. Linalonikera kweli liko kwenye neno letu wenyewe, wasifu.

Wengi wakisikia wasifu wanasikia kusifu, kisha kusifia, kisha misifa. Halafu wanadai picha ifanye kazi hiyo. "Kaka, ing'arishe kidogo." "Niondolee hizi alama." "Hapo nyuma niwekee ofisi ya ghorofani." Mmoja alitaka nimpige ameegemea gari lililokuwa limeegeshwa nje. Gari la mteja mwingine, aliyekuwa ndani anachana nywele.

Ni kweli wasifu, sifa na kusifu ni watoto wa mzazi mmoja. Ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kueleza kitu kilivyo: rangi yake, umbo lake, tabia yake. Kusifu kwa maana ya kupamba ni huyo mtoto mmoja aliyekwenda mjini akabadilika. Wenzake wamebaki nyumbani na kazi ya mzazi wao wanaiendeleza. Tangazo la kazi likiandika "Sifa za mwombaji", kinafuata nini? Awe na cheti cha kidato cha nne, awe na leseni ya udereva, umri usizidi miaka kadhaa. Hakuna aliyesifiwa pale. Darasani tulifundishwa vivumishi vya sifa, na kwenye orodha ile ile yenye -zuri kulikuwa na -baya, -fupi na -vivu. Mwalimu hakusema -vivu si sifa. Na wasifu wa marehemu husomwa msibani: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Msomaji akianza kutia chumvi, wazee hukohoa.

Wahenga nao walisema asifuye mvua imemnyea. Sisi wa Mbeya tunaielewa vizuri kuliko watu wa kule kwenye joto, maana hapa Machi unaweza kunyeshewa kwenda sokoni, ukanyeshewa tena kurudi. Aliyelowa ndiye anayejua kuisema mvua.

Kwa hiyo picha ya wasifu inaeleza. Kwa lugha ya dukani kwangu, maana yake ni hii: nakupiga kwenye mwanga wa dirisha, si nje saa saba mchana jua likiwa utosini na macho yamegeuka mashimo. Simu ukiisogeza karibu sana pua inavimba, kwa hiyo narudi nyuma hatua mbili tatu ndipo navuta. Kitambaa cheupe sana nyuma ya ngozi yetu huidanganya kamera. Inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wako unakuwa giza. Hapo ndipo wengine wanakimbilia kuung'arisha uso kwa filta, wakati kosa lilikuwa la kitambaa. Mimi natumia pazia la kijivu, au ukuta wa nje wenye kivuli. Miwani kama unavaa kila siku, vaa. Kovu la miaka yote ni lako, chunusi ya jana nitaifuta.

Hilo la kovu nimelilipia. Kuna dada nilimsafisha picha mpaka nikamfuta alama ya kwenye nyusi, nikajiona fundi. Akaitwa kwenye usaili. Katibu pale mapokezi akatazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu, kisha akamwambia, "Samahani, tunamsubiri mwingine." Alikuja kunisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka sana.

Sasa yule mzee wa maparachichi. Alipoingia nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijasema kitu akawa keshalitwaa koti la studio pale msumarini. Lile koti wanalijua wateja wangu wote. Ni jeusi, kubwa, na kwa nyuma nalibana na vibanio vya nguo vitatu ili mbele likae vizuri. Nikamwambia, "Mzee, hili ni la paspoti. Hawa wateja wako wakija kule kwenu Tukuyu watakukuta umevaa koti?" Akasema atakuwa na sweta na kofia yake ile ile. Basi tukalitoa koti, vibanio vikaanguka sakafuni. Nikamuuliza anaangalia nini kabla hajanunua tunda. Akaingiza mkono kwenye mfuko aliokuja nao, akatoa parachichi moja, akalishika kwa viganja vyote viwili bila kulibonyeza, akalielekeza upande wa kikonyo kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa," akasema, akainua macho. Nikabonyeza.

Hakuipenda mwanzoni. Alisema haina heshima. Aliondoka nayo pamoja na ile ya koti, kwa sababu aliomba zote mbili na ni haki yake, akasema atamwonyesha binti yake aamue.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkija naomba tuelewane kwenye maneno. Ya kupeleka uhamiaji au kubandika kwenye fomu iite paspoti. Sitakuuliza chochote, utakaa wima na dakika kumi unaondoka nazo. Ya kuweka WhatsApp iite DP, na hapo misifa ruksa, hata kwenye gari la watu kama mwenyewe karidhia. Ya kazi iite picha ya wasifu. Hiyo nitakuuliza unafanya kazi gani, na naomba uje na nguo unayofanyia hiyo kazi. Koti liko msumarini, ila hilo ni la paspoti.