Magazeti ya Wamarekani weusi hayakusubiri 1865

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti Wamarekani weusi hawakuwa na gazeti lao mpaka utumwa ulipofutwa 1865. Sivyo. Freedom's Journal lilitoka New York tarehe 16 Machi 1827, likihaririwa na watu weusi huru. Mhariri mmoja, mzaliwa wa Jamaika mwenye shahada, alihamia Liberia 1829, akahariri gazeti huko pia.

Nakala za Freedom's Journal zinasomeka mtandaoni. Tazama tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, na ule mstari wa Mithali kwa Kiingereza: “Haki huinua taifa.”

Mkanganyiko unaeleweka: majimbo kadhaa ya Kusini yalikataza kumfundisha mtumwa kusoma, basi watu hudhani ilikuwa hivyo kote. Ukitumiwa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mweleze aliyeutuma taratibu, huenda naye ameupokea tu.