Kadogo anaporudi nyumbani

Neno "kadogo" ni la Kiswahili, la kwetu kabisa, na linaniuma kila nikilisikia. Mwaka 1996, waasi wa Laurent-Désiré Kabila walipoanza safari kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, walikuwa na wavulana wengi, nao watu wakawaita kadogo, kama unavyomwita mdogo wako. Tarehe 17 Mei 1997 wakaingia Kinshasa na mabuti ya mpira, bunduki begani. Tangu hapo neno halijapumzika. Mwaka 2012 Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha la Ituri, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague miaka 14 kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 jeshini na kuwapeleka vitani, lakini msitu haujaacha kuwachukua.

Mimi ni mshauri nasaha katika kituo kinachopokea watoto waliotoka kwenye makundi ya silaha, huku mashariki mwa Kongo. Kijana mmoja alikuwa na siku tatu tu kwetu pale mpishi alipoangusha kifuniko cha sufuria. Sisi tuligeuka kutazama. Yeye keshatoka, amelala kifudifudi nyuma ya ukuta wa choo, tonge la bugali bado liko kiganjani. Mwili wake ulizoea kuitangulia akili, na ndio uliomfikisha kwetu akiwa hai, kwa hiyo hatumkemei. Tunamwambia mapema kila kitu: saa hii kengele, saa hii chakula, usiku mlinzi atapita na tochi. Siku zinazofanana humtuliza kuliko maneno yangu. Na hakuna ruhusa ya kumuuliza ameua wangapi. Akitaka kusema, atachagua siku yake.

Wasichana ndio wanaoninyima usingizi. Wengi waligeuzwa "wake" wa wapiganaji, na wachache mno hufika langoni kwetu. Wengine hurudi kijijini kimyakimya na mtoto mgongoni, wakiogopa kuchekwa.

Wazazi wakija, lalamiko ni lilelile: mtoto hanisikii. Nawaeleza kwamba huko alikotoka, kijana wa miaka 15 huenda alikuwa akilinda zamu, akigawa chakula, akiamua nani avuke mto kwanza. Leo anaambiwa kachote maji, tena mbele ya wadogo zake. Anasimama tu, anakutazama. Utoto aliouacha hauwezi kumwenea tena, sawa na shati la darasa la nne, na kumlazimisha auvae ni kumsukuma arudi kwa kamanda aliyemwona mtu mzima.

Mama wa yule kijana wa tonge nilimwomba kitu kimoja: kwa miezi ya kwanza, amtake shauri kabla ya kumtuma. Nilipowatembelea alinisimulia. Alikuwa amemwambia, akimwita baba kwa heshima, "Papa, nyumba inavuja. Unaona tufanye nini?" Kijana alipanda juu siku hiyohiyo, akakaa huko muda mrefu, kisha akashuka kuomba misumari.