Harufu kali ya klorini si kipimo cha usafi

Katika zahanati nyingi, chumba kikinuka klorini watu huamini kimetakasika. Si kweli. Klorini ikikuta damu au usaha, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla ya kuvifikia vimelea, hata ukiimimina bila kuichanganya na maji.

Damu ikimwagika, vaa glavu, ifyonze kwa kitambaa, osha kwa maji ya sabuni na suuza. Ndipo upake klorini ya asilimia 0.5 na uache pabaki majimaji kwa dakika 10. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapaka na kukausha papo hapo. Kwa dawa ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji kinatosha; soma lebo kwanza, maana nguvu hutofautiana. Tengeneza mpya kila siku. Ukizidisha, utababua vifaa vya chuma na macho ya mhudumu, basi.

Spiriti nayo ni hivyohivyo: ya asilimia 70 huua vizuri kuliko ya 95, kwa kuwa maji husaidia kuharibu protini za vimelea.

Na tafadhali, klorini isikutane na dawa ya choo yenye asidi. Gesi yake ni sumu.