Basilika, kanisa kuu na kanisa kubwa

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, tukiwa nje tunasalimiana, mama mmoja wa jumuiya yetu alitoa simu akatuonyesha picha. Mwanawe anasoma Ufaransa, na alikuwa amemtumia picha ya kanisa jeupe lililokaa juu ya kilima. "Hili ndilo kanisa kuu la Paris," akasema. Kijana wa kwaya akadakia kwamba kanisa kuu na basilika ni kitu kimoja, na kwamba hata letu la Kristo Mfalme hapa Moshi ni basilika kwa sababu ni kubwa. Hilo la pili nimeshalisikia harusini, kwenye mahafali na hata msibani. Naomba tulinyooshe.

Basilika ni kanisa lililopewa jina hilo la heshima na Baba Mtakatifu. Kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu wa jimbo. Kituo cha hija ni mahali ambapo waamini hufunga safari kwenda kusali kwa ibada maalumu. Kanisa moja laweza kuwa na sifa moja, mbili au zote tatu, na hakuna hata moja inayopimwa kwa futi.

Kinachoniumiza zaidi ni hili neno "kuu" kuchukuliwa kama "kubwa", maana ni letu wenyewe na tunalijua. Sikukuu ina saa 24 kama siku nyingine. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mfupi kuliko walimu wote wa shule yake. Jimbo la Arusha lilipofanywa Jimbo Kuu mwaka 1999, kilichopanda ni daraja lake na la askofu wake. "Kuu" ni cheo, "kubwa" ni kipimo. Askofu akiweka kiti chake kwenye kanisa la bati lenye mabenchi sita, hilo ndilo kanisa kuu la jimbo. Kiti hicho kwa Kilatini ni cathedra, ndiko lilikotoka neno katedrali. Letu la Kristo Mfalme ni kanisa kuu kwa sababu hiyo tu, na ingetosha hata kama lingekuwa nusu ya lilivyo.

Basilika ina safari ndefu zaidi. Basileus kwa Kigiriki ni mfalme, na basilike ni cha kifalme, yaani ukumbi wa kifalme. Warumi walilichukua neno hilo wakaliita jumba la umma: refu, lenye safu za nguzo ndani, na mwishoni sehemu ya nusu duara alipokaa hakimu. Watu waliingia humo kufanya biashara na kusikiliza kesi. Baada ya mwaka 313, Wakristo walipopata uhuru wa kuabudu chini ya Kaisari Konstantino, walihitaji majengo. Mahekalu ya wapagani hayakuwafaa, kwa kuwa chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu na ibada ya watu ilifanyika nje. Wakristo walitaka watu waingie wote, wasikie Neno, wazunguke altare. Jumba la mahakama lilifaa kabisa, na pale alipokaa hakimu pakawa pa askofu na mapadre wake.

Kwa hiyo neno lilianza kama umbo la jengo, likaishia kuwa heshima. Leo ukiingia kwenye basilika utaona alama zake: mwavuli wa hariri wenye mistari myekundu na ya manjano, umefunguliwa nusu, na kengele ndogo iliyotundikwa kwenye mti wake. Hizo ndizo za kutafuta, si urefu wa mnara.

Sasa turudi kwenye ile picha. Kilima ni Montmartre, na kanisa ni Basilika ya Moyo Mtakatifu. Lilitokana na nadhiri iliyowekwa baada ya Ufaransa kushindwa vitani na Prussia mwaka 1870. Jiwe la msingi liliwekwa 1875, mchoro ukiwa wa Paul Abadie, na kanisa likatabarukiwa 1919. Kilima kilikuwa na mashimo tele kwa sababu ya machimbo ya jasi, ikabidi zichimbwe nguzo 83 za kina cha kama mita 33 ndipo jengo lipate pa kukalia. Weupe wake si rangi. Mawe yake yakinyeshewa hutoa chokaa inayoyafunika upya, basi mvua inayochafua majengo mengine hili hulisafisha. Na kwa ramani si basilika ya Kirumi hata kidogo: lina kuba kubwa katikati na ndogo nne pembeni. Ni mahali pa hija pia, maana Ekaristi imeabudiwa humo usiku na mchana tangu 1885. Kiti cha askofu, hakimo.

Waliokwenda hija Uganda mwezi Juni wanaijua tofauti hii kwa miguu yao. Namugongo ni basilika na ni mahali pa hija. Kanisa kuu la Kampala liko Rubaga, kilima kingine. Nairobi, Familia Takatifu ni kanisa kuu na ni basilika papo hapo. Na kijana wetu wa kwaya huimba kila tarehe 9 Novemba, sikukuu ya kutabarukiwa Basilika ya Laterano. Hilo ndilo kanisa kuu la Roma, kiti cha Papa kiko huko. Lile la Mtakatifu Petro, pamoja na ukubwa wake wote, ni basilika.

Basi mama yetu, picha ni nzuri na mtoto amefanya vema kupanda hadi kule juu. Kanisa kuu la Paris ni Notre-Dame, chini, kwenye kisiwa cha mto Seine. Mwambie akipata nafasi ashuke akupigie picha na hilo.