Manyoya ya kamba si fangasi

Wiki hii nimepokea picha ya nne wasapu: kamba-miti wa bwawani kiganjani, mgongo na matamvua vimeota kama ukungu wa mkate, na chini yake ujumbe uleule. "Fundi, kamba wana fangasi, nipe dawa." Wa mara hii, mzee mmoja mfugaji wa upande wa Mbegani, Bagamoyo, alikuwa keshanunua fomalini, kemikali kali ya kuulia vijidudu. Baba, weka chini hiyo chupa, nakuja.

Nilikwangua kidogo nikaweka kwenye darubini. Vikengele juu ya vikonyo, vimeshonana kama kishada cha karafuu; ukigonga kioo, kishada kizima kinajikunja kwa mpigo. Zoothamnium, kijidudu cha seli moja kinachoishi kwa makundi. Binamu yake Epistylis hajikunji. Fangasi angekuwa na nyuzi. Hilo limekwisha.

Linaloniudhi ni hili: mdudu huyu hamli kamba! Amejishikiza tu, kama chaza kwenye mzizi wa mkoko. Chakula chake ni bakteria wanaoelea majini, na bakteria hao umewanenepesha wewe, kwa chakula kilichobaki, kinyesi, na mwani (ule mdogo unaoelea na kuyatia maji rangi) uliokufa ukazama. Kamba mwenye afya huvua gamba, abiria wote wakashukia hapo. Ukiona manyoya yamekomaa, jua huyo kamba hajavua gamba siku nyingi, na sababu iko kwenye tope lako.

"Lakini maji yangu safi, naona mpaka chini." Ndiyo, mzee wangu, na hapo ndipo nilipoogopa. Sahani nyeupe ya kupimia uwazi wa maji inatakiwa ipotee machoni kwenye sentimita 30 hadi 40. Mwani wako umekufa, unaoza chini.

Halafu oksijeni ya maji mzee anapima saa saba mchana, jua kali, mwani uliobaki unaitoa kwa fujo. Nani asiyefaulu mtihani huo? Pima saa kumi na moja alfajiri. Tulipopima tukakuta miligramu 2 na kidogo kwa lita. Chini ya 3 kamba yeyote anataabika, sembuse aliyezibwa matamvua. Asubuhi unaokota mizoga, unamlaumu mdudu.

Fomalini inamuua, sikatai. Inaua na mwani, inakomba na oksijeni. Bila pedeli za kuchapa maji yapate hewa, usiku huohuo umemaliza bwawa.

Tulipunguza chakula nusu, tukatoa maji ya chini. Kuingiza mapya ikabidi tusubiri, maana maji mafu, kujaa kudogo kwa bahari, hayafiki mlango wa bwawa. Bamvua, kujaa kukubwa kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likaja, tukajaza, tukatia na chokaa ya kilimo. Siku ya sita wengi walikuwa wamevua gamba, weupe wa matamvua kama wametoka dukani. Kipi kilichosaidia? Sijui kutenganisha. Wafugaji wengi tumeona kamba huvua gamba zaidi karibu na bamvua hata usipofanya lolote, kwa hiyo huenda mwezi umenifanyia nusu ya kazi na sifa nimechukua mimi.

Fomalini ipo stoo bado. Jana mzee kaniuliza kama itafaa bwawa la samaki wake wa mwatiko.