Mashine za mandolini: zinashikaje uzi, na kuzibadilisha ni kufanya nini

Mandolini, ala ndogo ya nyuzi jamaa ya gitaa, ina nyuzi 8 lakini sauti 4 tu. Nyuzi zimekaa mbilimbili, na kila jozi hutuniwa noti moja: sol, re, la, mi, sawasawa na fidla. Shida inaanzia hapo. Uzi wa gitaa ukilegea kidogo sana, wengi hawatagundua. Uzi wa mandolini ukilegea kiasi hichohicho, pacha wake aliye milimita chache pembeni anausema. Mmoja ukiwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kila sekunde, na mwenzake 442, sauti inavimba na kunywea mara mbili kila sekunde, wau, wau, na hata asiyejua muziki atakunja uso. Wapiga kanuni kwenye taarab watanielewa, tena wao nyuzi zao zinakwenda tatutatu.

Kifaa kinachoushika uzi ubaki pale ulipowekwa ndicho mashine. Jina kamili ni mashine ya kutuni, ila kwa kifupi mashine inatosha. Wapo wanaoziita vigingi, na mimi sibishani nao, ila kwa maandishi afadhali tuvitenganishe. Kigingi ni kile cha udi au fidla: kipande cha mti kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja, kikasukumwa ndani ya tundu, kikashikwa na msuguano peke yake. Kikiteleza hupakwa chaki, kikigoma hupakwa sabuni. Mashine haitegemei chaki wala sabuni. Mashine ina meno.

Geuza kichwa cha mandolini uone mgongo wake. Kwa kawaida utakuta mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, na kila bamba lina mashine 4 zilizopangwa mstari. Angalia moja tu kwa karibu. Kuna nguzo, kipande cha chuma cha duara kinachopenya kichwa na kutokea upande wa mbele, chenye tundu la kupitishia uzi. Mkiani mwa nguzo, upande wa bamba, kuna gia ndogo iliyobanwa na skrubu katikati. Ubavuni mwa gia unapita mhimili mwembamba uliokatwa mizunguko kama parafujo (nitauita hivyo hivyo, parafujo), na mwisho wake kuna kishikio unachokizungusha kwa vidole.

Umewahi kuinua gari kwa jeki ya kuzungusha? Unazungusha mpini, gari linapanda. Unaachia mpini, gari halishuki, ingawa uzito wote umeukalia. Mashine ya mandolini ni jeki ya aina hiyo. Parafujo inaweza kuizungusha gia, gia haiwezi kuizungusha parafujo. Uzi utavuta mchana na usiku, lakini nguvu yake inaishia kwenye meno.

Na si nguvu ya mzaha. Kwenye mandolini ya kawaida, ambayo urefu wa uzi unaolia ni karibu sentimita 35, kila uzi unavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 10. Zijumlishe 8 upate mtu mzima aliyening'inia kwenye kichwa chembamba cha mbao. Vigingi vya mti vingeteseka. Ndiyo maana historia ya mashine inatembea pamoja na historia ya nyuzi za feleji, yaani chuma kigumu: huko Napoli, Italia, fundi Pasquale Vinaccia ndiye anayetajwa kuipa mandolini, karibu mwaka 1835, nyuzi za feleji pamoja na mashine za meno. Vitu hivyo viwili vilikuja na mkono mmoja, na sioni vingekujaje mbalimbali.

Sasa uwiano, maana ndio neno utakalokutana nalo kwenye kila pakiti. Ukisoma 16:1, maana yake uzungushe kishikio mara 16 ndipo nguzo izunguke mara moja. Mashine nyingi za mandolini ziko kati ya 14:1 na 18:1. Tufanye hesabu ndogo. Nguzo yenye kipenyo cha milimita 6 ina mzingo wa karibu milimita 19. Kwa 16:1, mzunguko mmoja wa kishikio unavuta uzi milimita 1.2 hivi. Inaonekana si kitu, lakini uzi wa mandolini ni mfupi na hauna pa kujinyoosha: kwa hesabu yangu, robo tu ya mzunguko inaweza kuupandisha uzi wa la karibu nusu toni. Kwa hiyo yule anayesema 14:1 na 18:1 ni mambo ya wauzaji tu, hajatuni mandolini yenye vishikio vizito dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani.

Lakini uwiano mkubwa hauponyi mashine mbovu. Ubaya wa mashine ni ile nafasi tupu kati ya meno ya gia na parafujo, ambayo mafundi gari wanaiita pleyi. Ni kama usukani wa gari chakavu: unageuza, tairi bado linafikiria. Kwenye mandolini unazungusha kishikio, noti haisogei, haisogei, halafu inaruka ghafla na kupita pale ulipotaka.

Ila kabla hujatoa pesa, hakikisha mashine ndiyo mwenye kosa. Kwa maoni yangu mashine hulaumiwa kuliko inavyostahili. Mara nyingi mkosaji ni mfupa, kile kipande chenye mifereji kinachokaa pale shingo inapokutana na kichwa. Mfereji ukiwa mwembamba mno, uzi unabanwa: unakaza, uzi wa upande wa kichwa unakazika, wa upande wa shingo unabaki, kisha unateleza kwa mlio mdogo wa "ting". Ukisikia hiyo ting, usiguse mashine. Sugua risasi ya penseli ndani ya mfereji ujaribu tena. Mkosaji wa pili ni skrubu ya katikati ya gia iliyolegea, na tiba yake ni bisibisi na nusu dakika. Wa tatu ni uzi uliozungushwa ovyo kwenye nguzo, mizunguko imepandana, kila siku inajipanga upya.

Kuna mkosaji wa nne, na huyu anawatesa wenye mandolini za bei rahisi: matundu ya kichwani yametobolewa mshazari, au hayakulingana na nguzo. Nguzo inasugua mbao, kishikio kinakuwa kigumu kama kitasa chenye kutu. Mtihani wake ni huu. Legeza nyuzi, kisha legeza kidogo skrubu zinazoshika bamba, halafu zungusha vishikio. Vikilainika ghafla, mashine ni nzima na matundu ndiyo mabaya. Ukinunua mashine mpya za bei mbaya ukazitia kwenye matundu yaleyale, utapata ugumu uleule, ila unang'aa.

Tuseme mashine zimekufa kweli: meno yameliwa, nguzo imepinda, kishikio kimevunjika na hakina mwenzake. Hapo ndipo mandolini inapotofautiana na gitaa nyingi za siku hizi. Gitaa hizo zina mashine mojamoja, unabadilisha iliyokufa tu. Kwenye mandolini, mashine 4 zimefungwa kwenye bamba moja, kwa hiyo nguzo zote 4 lazima zikubaliane na matundu yote 4 kwa wakati mmoja. Kila kitu kinategemea vipimo.

Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya nguzo na nguzo. Usipime nguzo mbili zilizo jirani, kosa dogo halitaonekana. Pima kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi katikati ya nguzo ya nne, kisha gawa kwa 3. Ukipata milimita 69, umbali ni 23, na hicho ndicho kipimo cha mashine nyingi za kisasa zinazofuata mtindo wa Kimarekani, ziwe za kampuni ya Grover, Gotoh au Schaller. Mandolini za zamani za Ulaya, zile zenye mgongo wa duara kama kibuyu kilichopasuliwa, huwa na vipimo vyake. Tofauti ya nusu milimita inaonekana ndogo mpaka ufike nguzo ya nne, ambako imeshakuwa milimita moja na nusu, na bamba haliingii hata ulibembeleze.

Kipimo cha pili ni kipenyo cha nguzo na cha bushi, yaani kile kipete cha chuma kilichozama kwenye tundu upande wa mbele. Bushi mpya ikiwa pana kuliko tundu, kuna kishawishi cha kuchukua kekee ya umeme. Usithubutu. Kekee ikishika ukingo wa tundu la zamani inaweza kung'oa kipande cha rangi na mbao kwa pigo moja. Tundu hupanuliwa kwa mkono, polepole, kwa kifaa chenye umbo la pia kinachokwangua kidogo kidogo. Na kama tundu ndilo pana kuliko bushi, linazibwa kwa kijiti cha mti mgumu na gundi ya mbao, kisha linatobolewa upya.

Kitu cha tatu si kipimo bali upande, nami nimeonja joto yake. Seti ya kwanza niliyofunga mwenyewe ilikaa vizuri, skrubu zimezama, vishikio vimenyooka, nikajisifu. Nilipokaza nyuzi, kila mashine ilikuwa na pleyi, zote mpya! Nikamlaumu muuzaji kimoyomoyo kwa siku mbili. Siku ya tatu ndipo nikaona: bamba la kulia lilikuwa kushoto, la kushoto lilikuwa kulia.

Kwa nini hilo lina madhara? Uzi unaivuta nguzo kuelekea kwenye mfupa. Mashine za kisasa zimepangwa parafujo ikae kati ya gia na mfupa, hivyo uzi unavyovuta ndivyo unavyoikandamiza gia kwenye parafujo, meno yanashikana. Ukibadilisha pande, parafujo inahamia juu ya gia, upande wa ncha ya kichwa, na uzi sasa unaitenga gia na parafujo yake. Kwa hiyo ukitazama mandolini ya kisasa, vishikio vinatakiwa kuwa chini kidogo ya nguzo zake, kuelekea shingoni. Lakini usikimbilie kusema kila iliyo kinyume imekosewa. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilitumia mpangilio wa parafujo juu mpaka katikati ya miaka ya 1920, na mandolini zake mashuhuri za modeli ya F-5 zenye sahihi ya Lloyd Loar, mhandisi wa sauti wa kampuni hiyo, za 1922 hadi 1924, ni za enzi hiyo. Ukiwa na ala ya kale, tafuta seti iliyotengenezwa kwa mpangilio wake, na zile mashine zilizotoka zitie mfukoni, zihifadhi ndani ya kasha la ala. Mnunuzi wa ala ya kale ataziulizia kabla hajaisikiliza.

Kazi yenyewe ya kubadilisha ni fupi kuliko maelezo yake. Linalosahauliwa ni daraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya mwili wa ala. Daraja la mandolini halikugundishwa, limeshikiliwa na nyuzi tu, na ukitoa zote litaanguka, kisha noti zote za juu shingoni zitatoka vibaya usijue kwa nini. Weka vipande vya selotepu ya karatasi kuzunguka miguu yake kabla hujalegeza chochote. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, zamu kwa zamu, usimalize jozi moja ukahamia nyingine. Skrubu za bamba ni ndogo na laini, kwa hiyo tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake. Tundu la skrubu likiwa limelegea, kijiti cha meno na tone la gundi ya mbao vinalirudisha. Ingiza bamba jipya, zungusha vishikio vyote kabla ya kukaza skrubu, na kama kimoja ni kigumu, simama utafute sababu sasa, nyuzi zikiwa bado mezani.

Kisha rudisha nyuzi: jozi ya sol kwenye nguzo mbili za chini upande wa nyuzi nene, re juu yake, upande wa pili mi chini, la juu yake. Uzi upite upande wa ndani wa nguzo, na mizunguko ishuke kuelekea kwenye mbao bila kupandana.

Jambo la mwisho halihusu kufunga, linahusu kutuni. Hata mashine bora ina pleyi kidogo. Ukifika kwenye noti kwa kulegeza, pleyi hiyo inabaki wazi nyuma ya uzi, na baada ya mapigo kumi uzi unaijaza, noti inashuka. Basi ukipita noti, usirudi hadi pale ulipotaka ukaishia hapo. Shuka chini yake kabisa, kisha panda taratibu huku pacha wake akilia pembeni, mpaka ile wau, wau ipungue, ipungue, inyooke.